Kumpokea Aliyetoka Gerezani bila Kumsahau Tamari

Wahubiri wengi tunaipita haraka habari ya Tamari, binti wa mfalme Daudi. Imo katika 2 Samweli sura ya 13. Amnoni, ndugu yake kwa baba, alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari aje ampikie, kisha akamnajisi na kumfukuza. Daudi aliposikia alikasirika sana, lakini hatusomi popote kwamba alichukua hatua. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze. Tamari akakaa nyumbani kwa kaka yake katika ukiwa, na tangu hapo hatuisikii tena sauti yake.

Nimeanza na Tamari kwa makusudi. Insha hii inahakiki tafiti zinazowahusu watu waliofanya kama Amnoni: waliohukumiwa kwa ubakaji, ulawiti au shambulio la aibu, wakatumikia kifungo, na sasa wanarudi mtaani na kanisani. Tafiti hizo zina mengi ya kutufundisha, na kazi zinazochunguzwa na baadhi yake zilizaliwa kanisani. Lakini unaweza kuzisoma kwa muda mrefu usikutane na Tamari. Hilo ndilo ninalotaka tulipime pamoja.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika niliokuwa nikiutumikia, mwanamume mmoja alirudi kutoka gerezani. Alikuwa amefungwa kwa shambulio la aibu dhidi ya binti wa shule ya msingi, mtoto wa familia ya hapo hapo usharikani. Alikuja ofisini kwangu mara tatu kabla ya kuomba kurudi kundini, na kila mara alilia. Jumapili ilipofika alisimama mbele ya madhabahu, akaungama, akalia tena, na usharika ukalia naye. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilihubiri juu ya mwana mpotevu, na nilijiona nimehubiri vizuri.

Bwana yule alijua kupiga kinanda. Kabla miezi minne haijapita, mwalimu wa kwaya ya watoto alihamishwa kikazi kwenda mkoa mwingine, na baraza la wazee likapendekeza jina lake. Mzee mmoja aliuliza kama ni busara. Mwingine akamjibu kwamba ikiwa Mungu amemsamehe, sisi ni nani hata tumhukumu tena. Nikakubali. Nikamkabidhi kwa mkono wangu ufunguo wa chumba cha shule ya Jumapili.

Wiki iliyofuata mama wa yule binti alikuja ofisini. Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu: "Baba mchungaji, mwanangu atakaa wapi Jumapili?" Sikuwa na jibu, basi nikamweleza habari za msamaha. Akaitikia, "Haya, baba mchungaji," akaaga. Familia ile haikurudi tena kusali kwetu. Baadaye wazee walihoji na tukamwondoa yule bwana kwenye kwaya, lakini waliokwisha kuondoka walikuwa wameondoka.

Niseme wazi kwamba sijapata kusikia kuwa bwana yule alirudia kosa. Mpendwa msomaji, likumbuke jambo hili, kwa maana tutalihitaji huko mbele.

Yaliyoanzia Hamilton

Nilipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa namna ya kumtembelea mfungwa. Hatukufundishwa la kufanya siku anapotoka. Baada ya swali la mama yule ndipo nilipoanza kusoma, na nikafika mji wa Hamilton, jimbo la Ontario, nchini Kanada.

Mwaka 1994 aliachiwa huko mtu aliyekuwa amefungwa zaidi ya mara moja kwa makosa dhidi ya watoto. Sheria ya Kanada inaruhusu mfungwa anayeonekana kuwa hatari sana ashikiliwe hadi siku ya mwisho ya kifungo chake. Jambo hilo lina matokeo ya ajabu. Mfungwa wa kawaida hutoka mapema kidogo na kukaa chini ya afisa wa uangalizi, lakini yule anayeogopwa kuliko wote hutoka akiwa amemaliza kila kitu, na mara nyingi hana afisa wa kumwangalia. Majirani walikuwa na hofu na hasira, na polisi walimfuatilia.

Harry Nigh, mchungaji wa usharika mdogo wa Mennonite, kanisa ambalo nasi tunalifahamu kwa kazi yake mkoani Mara, alikuwa akimjua mtu huyo kupitia huduma ya magereza. Aliwakusanya washarika wachache wakakubali kuwa karibu naye. Walimsindikiza sokoni na hospitalini, wakala naye, na pia walimuuliza maswali magumu: jana ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, kwa nini ulipita njia ya shule? Mtu yule aliishi zaidi ya miaka kumi, hadi kufa kwake, bila kupatikana tena na kosa la aina hiyo.

Kutokana na kundi lile, na jingine lililoundwa Toronto muda mfupi baadaye, pakazaliwa mpango unaoitwa Duara la Msaada na Uwajibikaji. Watu wa kujitolea, kwa kawaida wanne hadi sita, hukutana kila wiki na mtu aliyetoka gerezani. Wanaandikiana makubaliano na kuyatia sahihi. Miezi ya kwanza mmoja wao huwasiliana naye kila siku. Nyuma yao kuna duara la pili la wataalamu: wanasaikolojia, polisi, maafisa wa uangalizi. Mpango una kanuni mbili ambazo haziachani: asiwepo mwathirika mwingine, na hakuna binadamu wa kutupwa.

Tafiti zinaonyesha nini

Mwaka 2005 Robin Wilson na wenzake walitoa tathmini ya kazi hiyo huko Ontario. Waliwalinganisha wanaume 60 waliokuwa katika maduara na wengine 60 wenye kiwango cha hatari kinachofanana ambao hawakuwa nayo. Katika muda wa wastani wa miaka minne na nusu, waliorudia kosa la kujamiiana kati ya wenye duara walikuwa 3. Kati ya wasio na duara walikuwa 10. Hilo ni punguzo la asilimia 70. Utafiti wa pili, wa mwaka 2009, uligusa sehemu nyingine za Kanada. Ulilinganisha wanaume 44 na wengine 44, ukapata punguzo la asilimia 83.

Mtu makini atauliza: je, waliokubali kuingia katika maduara si ndio waliokuwa tayari wanataka kubadilika? Swali hilo lilijibiwa kwa sehemu huko Minnesota, Marekani. Mtafiti Grant Duwe aliripoti mwaka 2018 kuhusu wanaume 100 waliogawanywa kwa kura, 50 wakapewa duara na 50 wasipewe. Hatari ya kukamatwa tena kwa kosa jipya la kujamiiana ilipungua kwa asilimia 88.

Hizi ni habari njema, na kanisa lina sababu ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Hata hivyo tusizishangilie kupita kipimo. Tunazungumzia idadi ndogo: watu watatu dhidi ya kumi, na makundi ya watu 44 au 50. Huko Uingereza, ambako Waquaker walisaidia kuuanzisha mpango huu mwaka 2002, tathmini ya watu 71 kwa 71 haikuona tofauti ya kuthibitika kitakwimu katika jumla ya hukumu mpya za makosa ya kujamiiana, ingawa wasio na duara walikuwa na makosa mengi zaidi ya ukatili na ya kumgusa mtu mwilini. Duara linasaidia, lakini halina nguvu za uganga.

Machozi si kipimo

Uchambuzi ulionitikisa zaidi ni mwingine. Mwaka 2005 Karl Hanson na Kelly Morton-Bourgon walikusanya pamoja tafiti 82, zenye wahalifu wa kujamiiana zaidi ya 29,000, ili kujua ni mambo gani yanaashiria kwamba mtu atarudia. Kwanza waligundua kwamba katika miaka mitano hadi sita waliojulikana kurudia kosa la kujamiiana walikuwa takribani 14 katika kila 100. Idadi hiyo ni ndogo kuliko tunavyodhani tunaposema mtu wa namna hii habadiliki kamwe.

Lakini lililonigusa ni hili. Mtu kukana kosa lake, au kuonyesha huruma kidogo kwa aliyetendewa, havikuwa na uhusiano wa maana na kurudia kosa. Vilivyoashiria hatari vilikuwa mvuto wa kimwili kwa watoto au kwa ukatili, pamoja na maisha ya kuvunja sheria na kutojitawala.

Sasa rudi nami kwenye ile Jumapili ya vigelegele. Sisi tulipima nini? Tulipima machozi. Tuliona mtu analia, tukahesabu kwamba hatari imekwisha. Utafiti unatuambia kwamba mwenye kulia anaweza kurudia, na mwenye kukana anaweza asirudie. Machozi ni mambo kati yake na Mungu. Hayamwambii mzee wa kanisa nani apewe ufunguo.

Hapa baadhi ya washarika watanilaumu kwamba ninadharau toba. Sidharau. Martin Luther alianza hoja zake 95 za mwaka 1517 kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini yawe ya toba, maana yake haimalizwi kwa ibada moja. Naye alitufundisha kwamba aliyehesabiwa haki bado ni mwenye dhambi, yote mawili kwa wakati mmoja, hadi kaburini. Tunalikariri fundisho hilo katika darasa la kipaimara, kisha tunalisahau siku mkosaji anapolia vizuri. Mchungaji anaweza kumtangazia mtu ondoleo la dhambi kwa jina la Kristo, na dakika ile ile akamwambia, "Ndugu yangu, hutafundisha watoto, si mwaka huu wala mwaka wowote." Maneno hayo mawili hayapingani. La kwanza ni neema. La pili ni upendo kwa watoto, na pia upendo kwake yeye.

Pale tafiti zinapopungua

Nimesema tutahitaji kukumbuka kwamba yule bwana hakusikika kurudia kosa. Katika hesabu za tafiti hizi, usharika wangu ungeandikwa umefaulu. Hakuna kukamatwa tena, hakuna hukumu mpya. Kumbe binti na mama yake walikuwa wamefukuzwa kanisani, bila mtu kuwaambia ondokeni. Kipimo kinachoangalia mkosaji tu hakioni jambo hilo. Kinauliza Amnoni alifanya nini baadaye. Hakiulizi Tamari alikaa wapi. Hili ndilo pungufu la kwanza, na kwangu ndilo kubwa.

La pili, makosa yanayohesabiwa ni yale yaliyofika polisi na mahakamani. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika mwaka 2009, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Linganisha idadi hiyo na kesi unazozifahamu katika mtaa wako. Aliyetoka gerezani tunamjua. Wengi wengine wameketi nasi kwenye mabenchi na hakuna faili lolote linalowataja. Ulinzi wa watoto unaomwangalia mtu mmoja tu aliyefungwa ni ulinzi wa mlango mmoja katika nyumba yenye milango kumi.

La tatu linahusu tofauti ya mazingira. Duara la Hamilton lilitibu upweke. Mtu alitoka gerezani akaingia katika chumba cha peke yake, hana ndugu wala rafiki, na upweke ule ulikuwa hatari. Huku kwetu mara nyingi mambo ni kinyume. Mtu anarudi kwa mama yake, katika nyumba yenye wapwa na wajukuu, na shangazi wanamwandalia chakula cha kumkaribisha. Duara tayari lipo. Lakini ni duara la msaada lisilo na uwajibikaji. Ukoo uliokaa kikao yaishe kifamilia, ukaipelekea familia ya binti mbuzi na fedha, ndio huo huo unaomzunguka sasa. Kwa hiyo tukiuchukua mpango wa Kanada na kuongeza upendo juu ya upendo, hatutakuwa tumeongeza kitu. Tunachohitaji kuongeza ni wale watu wenye kuuliza jana ulikuwa wapi, ambao hawafungwi na ukoo.

Kwa nini sasa

Mwingine atasema mambo haya ni ya Wazungu. Basi tufanye hesabu ya hapa nyumbani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na kifungo cha maisha kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Aliyehukumiwa miaka 30 mwaka 1999 anamaliza kifungo ifikapo 2029, hata asipopunguziwa siku moja. Waliofungwa kwa makosa yenye adhabu ndogo zaidi wanatoka kila mwaka. Watu hawa watarudi mahali walikobatizwa. Wengine watakuta wazazi wamekufa, shamba limegawanywa, na waliotendewa wakiwa watoto sasa ni wazazi wa watoto wa shule ya Jumapili. Usharika utakaongoja mpaka mtu asimame mlangoni ndipo uanze kufikiri, utafanya kama mimi nilivyofanya.

Tuanze wapi

Sina mpango kamili wa kuwapa. Nina mambo machache niliyojifunza kwa gharama ya watu wengine.

Kwanza, kabla ya kuzungumza na aliyetoka gerezani kuhusu kurudi kundini, mchungaji na mzee mmoja wa kike waende kwa familia iliyotendewa. Wasiende kuomba msamaha kwa niaba ya mtu, wala kuwashawishi wasamehe. Waende kuuliza na kusikiliza. Kama haiwezekani wote wawili kusali mahali pamoja, anayehama ni mkosaji. Kwake iko ibada nyingine au usharika wa jirani, ambako mchungaji ataelezwa ukweli wote kabla hajafika. Chakula cha Bwana atapewa huko. Hanyimwi Kristo kwa kukosa benchi lake la zamani.

Pili, asipewe kamwe kazi inayohusu watoto, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za baraza, maana wachungaji tunahamishwa na wazee wanamaliza muda wao. Kumbukumbu ya mtu mmoja ikihama, ulinzi unahama nayo.

Tatu, watafutwe watu wanne au watano, wanawake na wanaume, wasio ndugu zake, wenye moyo wa upendo na wasiodanganyika kirahisi. Wakutane naye kila wiki kwa makubaliano ya maandishi. Aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba katika kundi hilo hakuna siri inayohusu usalama wa mtoto. Wakiona dalili, watakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wasifanye kazi hii peke yao. Huko Kanada watu wa kujitolea walifunzwa na walikuwa na wataalamu nyuma yao, na kundi lisilo na mafunzo linaweza kumgeuka mtu likawa mahakama, au likageuzwa naye likawa mawakili wake.

Nne, taratibu za kulinda watoto ziwahusu wote, hata mchungaji. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Tukifanya hivyo kwa kila mtu, aliyetoka gerezani hataona ametengwa, na yule ambaye hajawahi kushtakiwa hatapata nafasi.

Miaka miwili baada ya yale niliyosimulia, mimi na mke wangu tulimtembelea yule mama. Nilimwomba radhi, si kwa niaba ya mtu mwingine, bali kwa kosa langu mwenyewe la kutoa ufunguo bila kumuuliza. Alitupa chai. Alisema binti anasoma sekondari ya bweni na anaendelea vizuri. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Tulipoaga alisema, "Asanteni kwa kuja," na nikaona kwamba hata hilo lilimgharimu.

Siku hizi, baraza la wazee linapoletewa jina la mtu anayeomba kurudi kundini kwa kosa la namna hii, naliweka swali la mama yule mwanzo wa ajenda, kabla ya kuuliza habari za toba yake: yule mtoto atakaa wapi Jumapili? Tukikosa jibu, kikao kinaahirishwa. Wapo wanaoona ninachelewesha neema. Mimi naamini Mungu aliyemtuma Nathani kwa Daudi hakasiriki tukikawia kidogo kwa ajili ya Tamari.